Kompyuta Tatu za Ngamiani: Uchambuzi wa Kisa cha Kuhamia Mfumo Endeshi Huria

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea mwaka 2025 katika duka la steshenari lililopo Ngamiani, jijini Tanga, na mimi ndiye fundi niliyehusika nacho tangu mwanzo. Duka ni la mama mmoja wa makamo anayesaidiwa na binti wa kaka yake. Lina kompyuta tatu za mezani, printa mbili, skana na mashine ya kutolea kopi, na wateja wake ni wale wale wa steshenari yoyote ya mjini: wanafunzi, walimu, waombaji wa ajira na kamati za harusi. Nimeona nikiandike kwa urefu kwa sababu jaribio la kwanza lilishindikana na la pili likafanikiwa, ilhali mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, ulikuwa ule ule wa Linux Mint, toleo lile lile, katika kompyuta zile zile. Kilichobadilika ni namna ulivyoletwa dukani.

Kompyuta hizo zilinunuliwa mitumba. Zina prosesa za Intel za kizazi cha nne, yaani za mwaka 2013 hivi, na kila moja ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka. Zote zilikuwa na Windows 10 isiyo na leseni halali. Huku kwetu kazi hiyo huitwa kupiga Windows: fundi huja na flashi yake, hufuta kilichokuwemo, huweka kipya, huzima kinga ya virusi ili programu ya kudanganya leseni ipite, huchukua hela yake na kuondoka. Miezi michache baadaye kompyuta huwa nzito, matangazo huanza kujifungua yenyewe, na fundi huitwa tena. Mama alikuwa ameizoea gharama hiyo kama alivyozoea kununua wino. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu na nyimbo, lakini sijawahi kukutana na mwenye steshenari anayekosa usingizi kwa ajili yake. Madhara anayoyahisi kila siku hutoka kwenye ile kinga iliyozimwa, kwa kuwa mlango ulioachwa wazi ili programu moja ipite huwapitisha na wengine wasioalikwa.

Juu ya hayo kulikuwa na tarehe. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa baadaye iliweka utaratibu wa watumiaji kujiandikisha na kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Kuhamia Windows 11 hakukuwezekana kwa njia iliyoruhusiwa, kwani mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Kompyuta za mama zilikuwa nzima, zinachapa na kuprinti, na bado zilikuwa zimehesabiwa kuwa zimekwisha.

Jaribio la kwanza

Mwezi Machi nilimweleza mama kuhusu Linux Mint, mfumo endeshi huria unaoweza kukaa mahali pa Windows. Nilizungumza kwa hamasa ya mtu aliyeutumia mfumo huo miaka mingi, na nilianzia pale ambapo mimi mwenyewe nilianza kuupenda. Nilimweleza kwamba mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza ndani, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Kwamba mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliitoa Linux, ambayo ni kerneli, yaani kiini kinachosimamia vifaa vya kompyuta, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GNU. Kwamba kutokana na kazi hizo mbili ilizaliwa Debian mwaka 1993, juu ya Debian ikajengwa Ubuntu mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na juu ya Ubuntu ikajengwa Mint mwaka 2006. Kila neno lilikuwa kweli. Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja: "Kwa hiyo ni ya bure?" Nikajibu ndiyo, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpoteza.

Katika jambo hili Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Kiingereza hutumia neno moja, "free", kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kilicho huru, na watetezi wa programu hizi wamehangaika miaka arobaini kulifafanua. Sisi tuna "bure" na tuna "huria", maneno mawili yasiyochanganyika. Lakini "bure" yetu ina kivuli chake. Kazi bure ni kazi isiyo na matunda, kusema bure ni kusema bila maana, na mfanyabiashara aliyekua akisikia kwamba rahisi ghali, ukimwambia kitu ni cha bure, hujiuliza kimeharibika wapi. Ningepaswa kumwambia kwamba ni huria, kisha nimweleze maana yake kwa mambo anayoyajua. Baadaye nilifanya hivyo. Marehemu baba yake alikuwa mvuvi aliyekuwa akishusha samaki katika soko la Deep Sea, hapa Tanga, basi nikamuuliza ingekuwaje kama aliyemuuzia baba yake dau angemwambia kwamba haruhusiwi kufunua ubao wala kutia kalafati, kwamba likivuja alilete kwake tu, na kwamba baada ya miaka kumi hatalitazama tena. Akajibu, "Dau hilo baba hakulinunua, alilikodi." Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumfafanulia leseni.

Hayo yalikuja baadaye. Mwezi Machi nilichukua ridhaa yake ya adabu kuwa ridhaa ya moyo. Jumamosi usiku, baada ya duka kufungwa, nilihamishia nyaraka zote kwenye diski ya nje, nikafuta Windows katika kompyuta zote tatu na kuweka Linux Mint 22 yenye sura ya Xfce, ambayo ni nyepesi na menyu yake hukaa chini kushoto kama watu walivyozoea. Nililala nikiwa na furaha.

Jumatatu saa mbili asubuhi mwalimu mmoja alileta mtihani wa kidato cha tatu, kurasa nne alizozipanga mwenyewe nyumbani kwa fonti ya Calibri. Fonti hiyo haimo katika Mint, na mimi sikuwa nimehakikisha kwamba ile inayolingana nayo kwa upana wa herufi imewekwa. Mahali pake pakakaa fonti pana zaidi, mtihani ukawa kurasa tano, na mchoro wa swali la sita ukaenda upande mmoja huku maelezo yake yakibaki upande mwingine. Binti alipojaribu kuprinti hivyo hivyo, kazi ilikaa kwenye foleni bila kutoka, kwa sababu printa ndogo ya leza ilihitaji kipande cha ziada cha programu kinachopakuliwa kutoka kwa mtengenezaji, nami usiku ule sikuwa na bando. Saa nne wakaja watu wa kamati ya harusi kuchukua kadi za mchango. Kadi zilikuwa zimetengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa na kadi, na binti hakujua zifunguliwe kwa kitu gani.

Nilipofika mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, huo uhuru nimeusikia, lakini mimi nina foleni mlangoni." Kufikia alasiri Windows ilikuwa imerudishwa katika kompyuta zote tatu, isiyo na leseni kama ilivyokuwa, na niliyeirudisha ni mimi kwa mikono yangu.

Kosa la siku ile halikuwa la fonti wala la printa, kwani yote mawili yana dawa na nitayaeleza. Niliingia katika duka la mtu na kubadilisha vyombo vyake vya kazi kabla ya kuijua kazi yenyewe. Kisha nilibadilisha vyote kwa pamoja, kwa hiyo kilipokwama kimoja hapakubaki kompyuta ya kukimbilia. Na nilimwacha mtu aliye dhaifu zaidi katika mpango mzima, yaani binti anayekaa mbele ya wateja, apambane peke yake na uamuzi ambao hakushirikishwa.

Daftari

Mwezi Agosti nilimwomba mama ruhusa ya kukaa dukani wiki moja bila kugusa kitu. Nilikaa nyuma ya binti na daftari, nikaandika kila kazi iliyoingia: imetoka wapi, imefunguliwa kwa programu gani, imetokaje. Namshauri kila mwenye nia ya kuwaletea watu mfumo mpya aanze na wiki kama hii, hata kama anadhani anazijua kazi za steshenari, kwa sababu mimi nilidhani ninazijua.

Nilichokiona ni kwamba sehemu kubwa ya kazi haikuhusu mfumo endeshi hata kidogo. Wateja hutuma nyaraka kwa WhatsApp, zikafunguliwa kwenye kivinjari na kuprintiwa. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanajazwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa HESLB, maombi ya kazi serikalini yanajazwa kwenye Ajira Portal, usajili wa biashara unapitia BRELA, vyeti vya kuzaliwa vinapitia RITA, na vyote hivyo vinamtaka binti awe na kivinjari na mtandao. Kivinjari hakina habari kama chini yake kuna Windows au Linux. Fungu la pili lilikuwa la kuchapa: barua za maombi ya kazi, wasifu, kumbukumbu za vikundi vya kuweka na kukopa. Fungu la tatu, picha za pasipoti na kuskani vyeti. Kazi zilizofungamana kweli kweli na programu za Windows zilikuwa chache na nilizijua kwa majina: kadi za Publisher, pamoja na baadhi ya mitihani ya walimu yenye milinganyo na michoro mingi.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa flashi. Katika wiki ile haikupita siku bila mteja kuchomeka flashi na kukuta mafaili yake yamegeuka kuwa vialama vya njia ya mkato. Ufundi wa virusi hivyo ni mwepesi. Huyapa mafaili halisi sifa ya kufichwa ili Windows isiyaonyeshe, kisha huweka vialama vyenye majina yale yale, na mtu anapobofya kialama, kirusi huendeshwa kwanza, kikajinakili ndani ya kompyuta na kungoja flashi inayofuata. Kwa namna hiyo steshenari huwa kama kisima kilichoingia uchafu, ambako kila anayekuja kuteka huondoka nao. Mama alijua kwamba wateja wanamlaumu, na lilimuuma, maana duka lake analiendesha kwa jina lake.

Siku ya nne alikuja msichana wa chuo akiwa na ripoti ya mafunzo kwa vitendo iliyotakiwa kuwasilishwa kesho yake. Flashi yake ilikuwa imeharibika hivyo hivyo na hakuwa na nakala nyingine. Alikuwa analia. Nilikuwa na Mint kwenye flashi yangu, na mfumo huo unaweza kuwashwa kutoka humo bila kusakinishwa na bila kuigusa diski ya kompyuta. Nikamwomba mama niwashe kompyuta moja kwa njia hiyo, na nilipochomeka flashi ya msichana, folda zake zote zilikuwa pale. Linux haijali ile sifa ya kufichwa inayotumiwa na Windows, kwa hiyo huonyesha kilichomo, na vile vialama na hati za kirusi, zilizoandikwa kwa ajili ya Windows, huonekana kama mafaili makavu yasiyoendeshwa. Binti alinakili ripoti, akafuta takataka, akaprinti. Mama alisimama nyuma yetu muda wote, na msichana alipoondoka akaniuliza kama kompyuta moja inaweza kubaki hivyo.

Tafadhali msomaji asiondoke hapa akidhani kwamba Linux haiugui. Programu hasidi za Linux zipo, faili lenye kirusi cha Windows linaweza kupita ndani ya Linux na kuruka salama hadi kompyuta nyingine, na mtu anayebandika amri asizozielewa anaweza kujiharibia mfumo wowote. Ninachosema ni kwamba kwa ugonjwa huu wa flashi, katika mazingira haya, kuwa na kompyuta moja inayopokea flashi zote kabla hazijafika kwingine ni kinga ya kweli. Sijaona hoja iliyokuwa na nguvu kuliko hiyo kwa mwenye duka.

Jaribio la pili

Safari hii tulianza na programu na kuuacha mfumo. Kwenye Windows ile ile niliweka kivinjari cha Firefox na LibreOffice, programu huria ya ofisini, binti akavitumia wiki tatu huku programu zake za zamani zikiwa palepale. Niliweka fonti za Carlito na Liberation: ya kwanza ina upana wa herufi uleule wa Calibri, na ya pili imeundwa kulingana na Times New Roman na Arial, ili waraka usibadilishe idadi ya kurasa kwa sababu ya fonti. Nilipanga LibreOffice ihifadhi kila kitu kwa muundo wa Word, kwa kuwa mteja anayerudi nyumbani na faili la aina nyingine, lisilofunguka kwenye simu yake, hatatafuta kujua leseni ni ipi. Nilipunguza pia muda wa kujihifadhi kwa dharura kutoka dakika kumi hadi mbili, maana umeme wetu hukatika bila hodi.

Baada ya hapo tuliisakinisha Mint katika kompyuta ya flashi, kisha katika ya pili mwezi mmoja baadaye. Kipande cha programu ya printa nilikipakua kabla, nikaprinti kurasa za majaribio mbele ya mama. Katika kompyuta ya pili Wi-Fi haikuonekana mara moja. Nilichomeka simu kwa waya, nikawasha ushirikishaji wa mtandao kupitia USB, nao ukapokelewa papo hapo, nikapakua kilichokosekana. Njia hiyo ya simu na waya imeniokoa mara nyingi kuliko ufundi wowote mwingine, na ni vyema kila anayefanya kazi hii awe na waya mzuri mfukoni.

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu kasi, kwa sababu nimewasikia wenzangu wakidai mambo makubwa. Kompyuta hizo mbili sasa zinawaka haraka na mama huwaonyesha majirani, lakini siku ya kusakinisha tulibadilisha pia diski ya kuzunguka kwa SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyozunguka, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kasi hiyo imetoka kwenye diski. Mfumo mwepesi umesaidia katika RAM ya gigabaiti 4, hasa kivinjari kinapokuwa na kurasa nyingi. Ningeisifia Linux kwa kazi ya diski, jirani wa kwanza atakayeiweka kwenye diski ya zamani angeniona mwongo.

Kikwazo kilichotusumbua zaidi baada ya kuhama kilikuwa kidogo, na hakuna mwongozo nilioupata uliokitilia mkazo. Linux hupenda kuandika data kwenye flashi kwa kuichelewesha: dirisha la kunakili linaweza kufungwa huku sehemu ya data ikiwa bado kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Binti, kwa mazoea ya miaka, alikuwa akichomoa flashi mara tu dirisha linapofungwa, na wateja watatu walifika nyumbani na mafaili yasiyofunguka. Lawama ilirudi dukani, na kwa siku mbili nilihofia tutarudia Jumatatu ya Machi. Tulifanya mambo mawili. Binti aliandika kwa kalamu nene, "Toa kwanza, ndipo uchomoe", yaani bofya kitufe cha kutoa flashi kwenye skrini kabla ya kuivuta, akakibandika kikaratasi juu ya mlango wa USB. Na mama akaweka sharti kwamba flashi ya mteja haikabidhiwi kabla ya kuchomekwa upya na faili kufunguliwa mbele yake. Sharti hilo la mama ni bora kuliko ufundi wangu wowote, na sasa duka linasifiwa kwa hilo.

Kuhusu lugha nilikuwa na matumaini ambayo hayakutimia. Nchi hii ilitangulia katika jambo hili: mwaka 2004 mradi uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, wakati ambapo kampuni kubwa zilikuwa bado zinaanza kutufikiria. Ni leseni huria iliyowapa watafsiri haki ya kuifanya kazi hiyo bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa kulikumbuka hilo niliwasha Kiswahili katika kompyuta ya flashi. Tafsiri haikufika kila mahali, menyu moja ikawa na lugha mbili, na binti, ambaye majina ya vitufe aliyajifunza kwa Kiingereza katika kozi yake, alisimama kila mara kuwaza. Aliniomba nirudishe Kiingereza, nikarudisha. Naumia kuliandika hili, lakini tafsiri isiyokamilika humchelewesha mtu aliye kazini, na dawa yake ni sisi wenye lugha kuikamilisha.

Swali la nani anabaki

Mtaani pale, mwendo wa dakika chache kutoka dukani, wapo mafundi wengi wanaoweza kupiga Windows. Wa Linux nilikuwa peke yangu. Kwa mwenye biashara hiyo ni hatari ya kweli, na mama aliitaja kabla sijaitaja: "Ukisafiri je?" Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, na fundi anayeweka mfumo usiojulikana kisha akapotea anamwachia mwenye duka mzigo mzito kuliko ule aliomtua.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kazi ilikuwa kujifanya nisihitajike sana. Niliweka Timeshift, programu inayohifadhi taswira ya mfumo kwa vipindi ili mtu aweze kuurudisha ulivyokuwa, nikamfundisha binti kuitumia hadi akairudisha kompyuta mara mbili mbele yangu bila msaada. Nilimpa fundi jirani, kijana anayetengeneza simu, flashi yenye Mint, nikakaa naye jioni nne. Alishangaa nilipomwambia kwamba simu za Android anazozifungua kila siku zina kerneli ya Linux ndani yake, na mshangao huo ulimwondolea woga kuliko somo lolote. Kadhalika nilimwonyesha kwamba haki ya kunakili flashi ile na kuwapa wateja wake ni yake kisheria, wala hahitaji kuzima kinga ya mtu ili kuitumia.

Jaribu lilikuja mwezi Novemba nilipokuwa Lushoto. Sasisho lilikatika katikati kwa kuisha kwa bando, umeme nao ukakatika, na kompyuta ya pili ikaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi. Mpita njia mmoja alijitolea kupiga Windows hapo hapo. Binti alinipigia, lakini kabla sijamaliza kumwuliza maandishi yanasemaje, fundi wa simu alikuwa ameshafika na flashi yake, na wawili hao wakaurudisha mfumo kwenye taswira ya juzi yake. Niliporudi nilikuta kazi zikiendelea. Tangu siku hiyo masasisho hufanywa Jumapili, kwa bando lililonunuliwa makusudi, baada ya binti kuchukua taswira mpya. Hilo nalo ni faida ambayo mama ameielewa kwa mfuko wake: Mint humwambia kwamba sasisho lipo na kumwachia yeye achague saa ya kulipakua.

Kompyuta ya tatu bado ina Windows, na nimeacha kuona hilo kuwa ni kushindwa. Ndani yake kuna kadi za harusi za miaka kadhaa, ambazo kamati hurudi kuziomba zibadilishwe majina na tarehe, na mitihani ya yule mwalimu, ambaye sasa anapokelewa katika kompyuta hiyo bila maswali. Haipokei flashi wala haifungui barua pepe. Lakini nayo ina tarehe yake, kwa kuwa Microsoft imetangaza kwamba huduma ya Publisher itakoma Oktoba 2026. LibreOffice Draw inaweza kuyafungua mafaili yale, ingawa mapambo husogea na fonti za maua hupotea, na kila kadi inahitaji mkono wa mtu kuinyoosha. Binti amejipangia kunyoosha mbili kila jioni kabla ya kufunga duka. Mama amemruhusu azihifadhi zilizonyooka katika kompyuta ya flashi, na wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, kamati moja ilichagua kadi kutoka humo.